Ndama anayetembelea mgongo wa kwato: kwanza ashibe, ndipo tunyooshe miguu

Swali kutoka kwa msomaji wa Kisesa, Magu: "Shikamoo daktari. Mtamba wangu chotara amezaa juzi alfajiri, ndiyo mara yake ya kwanza. Ndama ni dume, mkubwa sana, wa mbegu ya Friesian ya chupa. Uzazi ulikuwa mgumu, vijana walimvuta kwa kamba muda mrefu. Sasa miguu yote miwili ya mbele imekunjika pale juu ya kwato. Akisimama anakanyaga mgongo wa kwato, halafu anaanguka. Mguu wa nyuma wa kulia nao hauna nguvu. Chini ya kwato ana vinyama laini vya njano. Jirani mmoja anasema nivikate kwa wembe, mwingine anasema nimchome OTC, shemeji yangu anasema huo ni mkosi, niite mchinjaji. Je, atapona?"

Marahaba mama, na hongera. Kwa uzazi wa namna hiyo, kuwa na mama na mtoto wote hai asubuhi si jambo dogo.

Uwezekano wa kupona ni mkubwa, lakini niruhusu nianze na jambo ambalo hukuliuliza: amenyonya? Miguu iliyokunjika mara chache ndiyo inayomuua ndama. Mara nyingi mambo huenda hivi: hawezi kusimama, kwa hiyo hafikii chuchu; anakosa dang'a, yale maziwa ya kwanza ya mama; anashinda amelala kwenye mkojo na kitovu kibichi; wiki ya pili anahara au viungo vinavimba, anakufa. Mtaani watasema "yule wa miguu iliyopinda amekufa", na lawama itabaki kwenye miguu. Mimi nikifika kwenye banda lenye ndama kama wako naangalia tumbo na kitovu kabla sijaangalia kwato.

Ndama huzaliwa bila kinga, kwa kuwa kondo la ng'ombe halipitishi kinga ya mama kwenda kwa mtoto. Yote inasubiri kwenye dang'a, na utumbo wa ndama huipokea vizuri saa 6 za mwanzo tu. Baada ya hapo uwezo huo unapungua, na akifikisha saa 24 umekwisha. Kwa ndama wa kilo 30, tunataka lita 3 zimeingia tumboni ndani ya saa hizo 6. Sasa siku mbili zimepita. Kama vijana wako walimkamua mama na kumnywesha siku ile ile, uko mahali pazuri. Kama hawakufanya hivyo, endelea kumpa dang'a iliyopo, kwa sababu bado inalinda ukuta wa utumbo kwa ndani, ila damu haipati tena chochote. Ndama huyo mchukulie kama asiye na kinga: pakavu, peke yake na mama yake, mbali na ndama wakubwa. Mpime joto asubuhi na jioni, na bwana mifugo akija, hilo liwe la kwanza kumwambia, kwa sababu linabadilisha uamuzi wake wa dawa.

Kumlisha asiyeweza kusimama kuna namna yake. Mlaze kifudifudi, kifua kiguse chini, miguu ikunjwe pembeni, usimlaze ubavu. Tumia chupa yenye chuchu ya mpira, tundu dogo, na kichwa kibaki usawa ambao angekuwa nao akinyonya kiweleni. Ukimwinua mdomo juu kama unayemnywesha mtu mgonjwa, maziwa yatapotea njia yaingie mapafuni, na hapo utakuwa umeongeza ugonjwa mpya. Maziwa yawe na uvuguvugu wa mwili, yaliyotoka kukamuliwa. Kwa siku apate lita 3 hivi, mara tatu au nne. Na mara mbili kwa siku msaidiwe na mtu wa pili: pitisheni kanga au gunia safi chini ya tumbo lake, mnyanyueni taratibu mpaka afike kwa mama yake, anyonye mwenyewe akiwa amesimama. Hapo analishwa na anafanya mazoezi kwa pamoja. Mtamba wa uzao wa kwanza anaweza kumkataa ndama asiyemfuata, kwa hiyo mfunge miguu ya nyuma kama anapiga teke, lakini usimtenganishe naye.

Kitovu: kichovye kwenye ayodini ya asilimia 7, usikipake tu. Mimina kwenye kikopo kidogo, kitovu kizame chote, mara mbili kwa siku mpaka kikauke. Ukikishika leo kikawa kinene, cha moto au kinanuka, usisubiri kesho.

Haya, sasa miguu.

Mlaze ndama ubavu kwa muda mfupi tu wa kumpima. Mkono mmoja ushike goti la mbele, mwingine ushike kwato, kisha unyooshe taratibu kama unayeifungua karatasi iliyokunjwa, bila kuvuta kwa kushtukiza. Sikiliza mikono yako. Kano zinazopita nyuma ya mguu ndizo fupi. Utazihisi zimekaza chini ya ngozi, nyuma ya ule mfupa mrefu kati ya goti na kifundo, kile kiungo kilicho juu ya kwato. Kuna mambo matatu yanayoweza kutokea. Mguu unaweza kunyooka wote, kwato ikae sawa, na ukiuachia urudi kukunjika. Unaweza kunyooka kwa shida, ukabakiza kiasi kidogo, na ndama akapiga kelele. Au unaweza kugoma kabisa, kiungo kikawa kigumu kama hakikuumbwa kukunjuka, mara nyingi goti nalo likiwa limekaza.

Kwa maelezo yako, kwamba anajaribu kusimama na anakanyaga mgongo wa kwato, nakisia yuko kwenye kundi la kwanza au la pili. Ndama wa kundi la tatu hawezi hata kujaribu.

Kundi la kwanza linapona kwa kutembea. Uzito wa mwili wake ndiyo dawa. Kila anaposimama, kano inavutika kidogo. Anachohitaji ni sakafu inayoshika. Saruji laini yenye mkojo ni adui, atateleza na kukata tamaa, na hata mguu wa nyuma utachanika misuli. Matope ya mbuga ni mabaya vilevile, yanashika kwato na kumchosha. Huko Kisesa mna bahati ya mchanga wa luseni: mpeleke kwenye ardhi ya mchanga iliyoshikamana, yenye kivuli, saa za asubuhi na jioni. Kwa kulalia, makapi ya mpunga kutoka mashineni ni mazuri na hayana gharama kubwa, mradi yabadilishwe yakilowa. Halafu mnyooshe miguu kwa mkono, dakika 10 hadi 15 kila mguu, mara tatu au nne kwa siku. Watoto wa nyumbani wanaweza kufanya kazi hii vizuri kuliko wewe mwenye haraka ya kwenda sokoni. Ndama wengi wa kundi hili wanakanyaga unyayo kabla wiki ya pili haijaisha.

Angalia jambo moja wakati wote huo: ngozi ya mbele ya kifundo, pale anapokanyagia. Ardhi yetu ina changarawe ya mawe, na ngozi ya ndama ni nyembamba. Ikichubuka leo, keshokutwa kuna kidonda, na chini yake kabisa kuna kiungo. Uchafu ukiingia kwenye kiungo umetoka kwenye tatizo la kano linalopona na kuingia kwenye ugonjwa ambao huenda usipone. Mfunge kitambaa safi kilichokunjwa mara mbili mbele ya kifundo tangu leo, na ukibadilishe kikichafuka.

Kundi la pili linahitaji banzi, yaani kigango cha kuushikilia mguu unyooke, na nitakaa hapa kidogo kwa sababu ndipo wafugaji wanapoharibu. Banzi zuri linatoka duka la vifaa vya ujenzi: kipande cha bomba la plastiki la inchi 2 au 3, kutegemea unene wa mguu ukishazungushiwa pamba. Pasua kwa urefu kwa msumeno wa chuma upate nusu mbili, kila nusu mguu mmoja. Urefu uanzie vidole viwili chini ya goti mpaka ncha ya kwato. Goti nalo likiwa limekaza, banzi lipande mpaka karibu na kiwiko, lakini hiyo ni kazi ya mtaalamu. Kingo zote sugua kwa msasa mpaka upitishe kidole bila kukwaruzwa, na ncha ya juu ikunje nje kidogo kwa moto wa mshumaa.

Pamba ni lazima, na iwe nyingi. Usukumani pamba hatukosi, lakini ile ya shambani ina mbegu, na mbegu moja chini ya banzi inatoboa ngozi usiku mmoja. Chukua roli la duka la dawa. Zungusha tabaka tatu au nne kuanzia kwato kwenda juu, ongeza unene pale juu ya kifundo na kwenye ncha mbili za banzi. Juu yake bendeji ya kuvutika, usiikaze. Kisha msaidizi anyooshe mguu, wewe uweke nusu ya bomba upande wa nyuma wa mguu, ufunge kwa bendeji na plasta pana kutoka chini kwenda juu. Ncha za kwato acha zionekane. Si urembo: ndizo zitakazokuambia kama damu inapita. Zikiwa za baridi kuliko za mguu mwingine, au sehemu ya juu ya banzi ikivimba, fungua saa hiyo hiyo hata kama ni usiku wa manane.

Na tafadhali, msitumie mpira wa tyubu ya baiskeli kufungia. Najua unashika vizuri na unapatikana kila gereji. Unazidi kubana kadiri ndama anavyotembea, na nimeona kwato zimekufa kwa ajili yake. Miti ya mlangoni iliyofungwa kwa kamba ya katani ni hivyo hivyo.

Baada ya siku ya kwanza fungua, kagua ngozi, funga tena. Kisha fanya hivyo kila baada ya siku mbili. Ndama anakua haraka, banzi la Jumatatu si saizi ya Ijumaa. Kila ukifungua, mwache bila banzi saa kadhaa atembee, maana banzi likikaa mfululizo misuli inalegea, unatoka kwenye mguu uliokaza unaingia kwenye mguu uliolegea. Kwa kawaida siku 10 hadi 14 zinatosha. Mguu usipobadilika chochote kwa wiki ya kwanza, usiendelee kwa ubishi. Kuna upasuaji wa kukata kano, si mgumu kwa daktari mwenye vifaa, na matokeo yake kwa ndama mdogo ni mazuri akiwahi.

Kundi la tatu nitalisema kwa ufupi. Kiungo kilichoganda, hasa kikiambatana na mgongo uliopinda, taya fupi au kaakaa lililopasuka hadi maziwa yanatokea puani, hakina matibabu ya maana. Hapo huruma ni kumpumzisha mapema.

Kuhusu vinyama vya njano chini ya kwato: visikatwe. Kila ndama huzaliwa navyo, ni kifuniko laini kinachozuia kwato zisimchane mama tumboni na njiani. Ndama anayetembea vizuri anavimaliza kwa kukanyaga, vinakauka na kudondoka ndani ya siku moja au mbili, ndiyo maana wengi hawajawahi kuviona. Wako havijaisha kwa sababu hajakanyaga unyayo bado. Jirani yako aliyeleta wembe ameona kitu cha kawaida kwa mara ya kwanza. Ukikata utafika kwenye nyama hai, atatoka damu, na mlango wa vijidudu utakuwa wazi chini kabisa, mahali pachafu kuliko pote. Siku atakayoanza kukanyaga sawasawa, utavikuta vimekwisha.

OTC sasa, yaani oksitetrasaiklini, dawa ya kuua vijidudu. Katika Kanda ya Ziwa dawa hii imekuwa jibu la kila swali, ng'ombe akikohoa OTC, akichechemea OTC. Jirani wa pili hajakosea moja kwa moja: madaktari wa mifugo hutumia oksitetrasaiklini kulegeza kano za watoto wa farasi na za ndama, na mara nyingine inasaidia sana siku za mwanzo. Lakini matumizi hayo hayana uhusiano na kuua vijidudu. Dozi ni kubwa kupita ya kawaida, inaingia kwenye mshipa wa damu polepole, na ndama lazima awe amekunywa vya kutosha, kwa kuwa dozi hiyo kwa ndama aliyekauka maji huharibu figo. Chupa ya dukani ikidungwa kwenye paja na kijana wa jirani haitanyoosha kitu. Itampa maumivu, na huenda ikampa kilema kingine: ndama mchanga ana nyama kidogo makalioni na mshipa mkubwa wa fahamu unapita hapo hapo. Sindano ikiugusa, mguu wa nyuma unaburuta, kifundo kinakunjika, na mwenye ndama anadhani ugonjwa umehama. Sindano ya ndama ni shingoni, daima, hata bwana mifugo akiwa na haraka.

Hapo tunafika kwenye mguu wa nyuma wa kulia, ambao kusema kweli unanipa wasiwasi kuliko ile ya mbele. Kano zilizokaza hutokea tumboni, ndama mkubwa akikosa nafasi ya kunyoosha miguu. Mguu wa nyuma uliolegea baada ya kuvutwa muda mrefu ni habari nyingine. Ndama mkubwa hukwama nyonga kwenye nyonga za mama, watu wanaendelea kuvuta, na mshipa wa fahamu unaokaza paja kwa mbele unavutika au kukatika. Mwangalie hivi: msimamishe kwa kanga, kisha legeza kidogo. Kama goti la juu, lile karibu na tumbo, linaporomoka na mguu mzima unakunjika chini yake bila kubeba uzito, ni mshipa huo. Shika misuli ya mbele ya paja la kulia, linganisha na la kushoto, na urudie kila siku. Ikianza kupungua kuelekea mwisho wa wiki ya kwanza au ya pili, imethibitika.

Kama ni hivyo, hakuna dawa ya kuunga mshipa. Kuna muda na uuguzi: matandiko mazito, kugeuzwa upande kila baada ya saa chache asipate vidonda, kusimamishwa, maziwa, na dawa ya kutuliza maumivu na uvimbe kutoka kwa daktari katika siku hizi za mwanzo. Akiwa na upande mmoja tu, wengi huboreka kwa wiki kadhaa hadi miezi. Pande zote mbili, sitakudanganya, matumaini ni madogo.

Kabla ya kukubali kwamba ni mshipa, papasa mfupa wote kutoka nyonga hadi kwato. Uvimbe mahali pasipo na kiungo, mguu kupinda pasipostahili, au mlio wa kusagana chini ya vidole ni mfupa uliovunjika. Mifupa ya ndama inaunga haraka kushangaza, wiki nne hadi sita kwenye POP, ile plasta ngumu ya hospitali, kama ni chini ya goti. Ukivunjika pajani ni kazi ngumu. Na uwezekano wa tatu, ulio mwepesi kuliko yote: kano za nyuma zimelegea tu, anakanyaga kisigino cha kwato na ncha inaangalia juu. Huo unajirekebisha wenyewe kwa kutembea, usiufunge banzi, utaulegeza zaidi.

Kuna ugonjwa mmoja ambao hana bado na sitaki aupate. Unaweza kuja kuanzia mwisho wa wiki ya kwanza hadi mwezi. Ndama aliyekuwa anaendelea vizuri anaamka anachechemea, goti au kifundo cha nyuma kimevimba, ni cha moto, hataki kiguswe. Joto linapita nyuzi 39.5, la kawaida ni 38.5 hadi hapo, na lipimwe asubuhi kabla jua la Mwanza halijampandisha. Hivi ni vijidudu vya kitovu au vya tumbo vilivyopita kwenye damu na kutua kwenye viungo. Muite daktari siku hiyo hiyo, kwa sababu dawa ikianza mapema na kuendelea wiki mbili au zaidi inaokoa kiungo, na ikichelewa siku chache kiungo kinaliwa kwa ndani. Usipasue uvimbe kwa wembe. Usichome kwa chuma cha moto. Nimeona magoti mengi yenye makovu ya moto huku usaha ukiwa bado ndani.

Shemeji na mkosi wake tumuache kwa heshima, lakini ana hoja moja iliyojificha: kwa nini imetokea? Sababu kubwa kwako iko kwenye mwili wa mtamba. Ndama wa zebu wetu wa asili huzaliwa na kilo 20 hivi, wa Friesian halisi hukaribia 40. Mtamba chotara wa uzao wa kwanza anapobebeshwa mbegu ya Friesian mwenye ndama wakubwa, mtoto anakunjwa miguu miezi ya mwisho na anakwama siku ya kuzaliwa. Sababu nyingine zipo: upungufu wa madini, hasa manganizi, kwa ng'ombe anayelishwa pumba na mabua ya mahindi bila jiwe la chumvi, kurudia damu, pale dume mmoja wa kijiji anapopanda binti zake, na virusi kama vya Akabane, vinavyoenezwa na visubi wanaouma na kumfikia ndama akiwa tumboni. Hao si wale wadudu wanaopanda kama moshi juu ya ziwa na kuangukia kwenye mboga, wale hawaumi mtu wala ng'ombe. Ukisikia kwamba majirani kadhaa wamepata ndama waliopinda msimu huu, au mimba zinatoka, toa taarifa kwa afisa mifugo wa kata ili sampuli zipelekwe maabara ya veterinari ya kanda hapo Mwanza. Ndama mmoja peke yake, mkubwa, wa mtamba, hahitaji maelezo ya virusi.

Mchinjaji asubiri. Uamuzi wa kumuuza ufanye baada ya wiki mbili za kumhudumia, si leo, isipokuwa mpapaso wako ukionesha kundi la tatu au paja lililovunjika. Na kama ameshachomwa dawa yoyote, nyama yake isiliwe mpaka siku zilizoandikwa kwenye chupa zipite. Mwambie mchinjaji wazi, hata kama bei itashuka. Maziwa ya mama yake yana sharti hilo hilo endapo naye alidungwa baada ya kuzaa.

Kuhusu mama: uzazi wa kuvutwa unaacha michubuko ndani. Kondo likipitisha saa 24 bila kutoka, au akitoa uchafu unaonuka, asile au apande joto, naye ni mgonjwa. Usimpandishe kabla ya siku 60, na akichelewa zaidi ya hapo kwa sababu ya kukonda, muache achelewe. Safari ijayo mwambie mhimilishaji, yule anayepandisha kwa mbegu ya chupa, mapema kwamba ng'ombe huyu alizaa kwa shida, umuombe mbegu ya Jersey, au ya dume la Friesian lililothibitishwa kuzaa ndama wepesi. Akimaliza, omba mrija uliotumika, usome namba ya dume na kuiandika kwenye daftari pamoja na tarehe. Hesabu siku 283. Karibu na siku hiyo vijana wako wajue haya: kamba ifungwe juu ya kifundo na kizingo cha pili chini yake ili nguvu igawanyike, wavute watu wawili wasizidi, wavute mama anaposukuma na wapumzike anapopumzika, na nusu saa ikipita bila ndama kusogea, wamuache na kupiga simu.